Mkono Uliobaki Ndani ya Shuka

Kuntai alikuwa mtu wa kubeba. Hivyo ndivyo alivyojulikana Kitengela miaka ya tisini, kabla nyumba za kupangisha hazijatuzibia upepo. Pale kichinjioni, ng'ombe akishachunwa na kupasuliwa, nyama ilitakiwa kutoka kwenye ndoano hadi kwenye pikapu za kwenda Nairobi, na mtu wa kuitoa alikuwa yeye. Aliinama chini ya paja zima la nyuma, akalipokea shingoni, akaenda nalo akiwa na koti jeupe lililolowa damu hadi mgongoni. Hakuwahi kuita mtu amsaidie. Vijana wa pale walimwita Winchi, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kusema.

Mimi nilikuwa mpangaji mtaa wa Noonkopir, na maziwa yangu niliyanunua kwa mke wake, Lorna, aliyeyaleta kila asubuhi kwa mtungi wa plastiki na kunigongea mlango kama polisi. Mengi ninayosimulia aliniambia yeye tukiwa tumesimama hapo mlangoni. Mengine niliyaona kwa macho yangu, na yaliyobaki Kuntai mwenyewe aliyatoa baadaye, wakati hakuwa tena na cha kuficha. Nilimpenda sana yule mzee, na kuna siku nilitamani kumchapa.

Kichinjioni hakwenda kwa kupenda. Ukame ulimmalizia ng'ombe, akabaki na wachache wa kuhesabika kwa mkono mmoja, na watoto wakawa wanataka karo. Wenzake wa rika walimcheka mwanzoni, Mmaasai mzima kubeba ng'ombe wa watu wakiwa wamekufa. Kuntai hakujibizana nao. Aliwaacha wamwone akibeba, na baada ya muda kicheko kikageuka kuwa sifa.

Halafu, mwaka wa tisini na nane, shingo ikaanza. Ilianza chini ya sikio la kulia, kitu kidogo tu, kama kuungua na chai. Ikateremka begani, ikapita nyuma ya mkono, ikaenda kukaa kwenye kidole gumba na cha pili yake. Siku nyingine ilikuwa ganzi. Siku nyingine ilikuwa moto mtupu, na vidole vikiguswa hata na shuka aliuma meno. Hakumwambia mtu. Aliendelea kubeba mwaka mzima zaidi, akihamishia mzigo bega la kushoto mahali ambapo watu hawamwoni, hadi asubuhi moja paja la ng'ombe lilipomponyoka likaanguka kwenye matope mbele ya wanunuzi.

Siku hiyo hiyo aliacha kazi. Na alivyoiacha ndivyo utakavyomjua. Hakusema anaumwa. Alimfuata msimamizi, akazusha ugomvi juu ya neno ambalo maskini yule hakumbuki kulisema, akavua koti akalitupa chini, akaenda zake. Kitengela nzima ikajua Kuntai amedharauliwa akakataa dharau. Watu walimsifu. Akaona kumbe hasira inafunika vizuri.

Huenda wewe msomaji unajiuliza, kwani kuumwa shingo kuna aibu gani? Hata mimi nilimuuliza Lorna. Akaniangalia kwa huruma, vile mtu anavyomwangalia mgeni.

"Mama, wewe hujui wanaume wetu," akasema. "Kijana akitahiriwa, watu wote wanaangalia macho yake. Akipepesa tu, hiyo aibu ni ya boma yote. Kuntai hakupepesa. Mpaka leo wanaongea hiyo siku. Sasa huyo ndiye atasema mbele ya watu ati shingo inauma?"

Basi ndani ya nyumba Lorna akawa anamvisha shati. Alimfungia viatu, alimkatia nyama kwenye sahani kabla watoto hawajakaa mezani ili wasione, na usiku alimkanda bega kwa kitambaa cha maji moto. Kuntai alimwapisha asiseme. Kilichomuuma zaidi, aliniambia mwenyewe baadaye, haikuwa moto wa begani. Ilikuwa ni kusimama mikono ikining'inia huku mke wake akimfunga vifungo, na kujua kwamba kesho atamfunga tena. Wakati huo Kuntai alikuwa anaangalia ukutani.

Lorna ndiye aliyempeleka hospitali Kajiado, na alimpeleka kwa ujanja, akidai ni yeye mgonjwa. Huko wakampiga picha ya shingo. Daktari akawaeleza kwamba mifupa ya shingo imesagika kwa mizigo na inabana neva inayokwenda mkononi. Kuntai akauliza itapona lini. Daktari akasema haitapona ya kupona kabisa, lakini mtu anaweza kuishi nayo vizuri akiitunza. Akampa vidonge vya usiku, kola ya sponji ya kuvaa shingoni siku mbaya, na akampeleka chumba cha pili kwa daktari wa mazoezi, mwanamke wa Kijaluo aliyeitwa Amolo.

Amolo hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimkalisha kwenye kiti, akamfundisha kuvuta kidevu nyuma taratibu kama mtu anayekwepa harufu mbaya, kurudisha mabega, kutembeza mkono ukutani kwa vidole hadi pale maumivu yanapoanza, kisha kuurudisha. Kidogo kidogo, kila siku. Asibebe kitu begani tena. Asilale kifudifudi. Akiona moto umezidi, apumzike, asishindane nao.

"Mzee, hii si mashindano," alimwambia. "Ukilazimisha, hiyo neva inakasirika."

Kuntai aliona haya hadi kwenye kucha. Mwanamke mdogo wa kuweza kuwa binti yake amemwambia avute kidevu, na amekivuta. Lakini lazima niseme ukweli: ilimsaidia. Kwa miezi aliyofuata yale maagizo alilala usiku, na mkono ukawa unafika kifuani bila shida. Vidonge vilimkausha mdomo na kumchelewesha kuamka, basi akawaambia watoto kwamba mtu mzima ana haki ya kulala. Kola aliivaa ndani tu. Mbwa wakibweka, kola ilikuwa chini ya kitanda kabla mgeni hajafika mlangoni.

Shida ikawa kwamba Amolo naye alipanga nyumba Noonkopir, milango michache kutoka kwangu, na kila asubuhi alipanda gari kwenda Kajiado. Siku moja ya mnada wa mifugo, Kuntai amesimama na wenzake wa rika, Lesiamon na wengine, wameegemea fimbo zao, Amolo akapita na kikapu cha mboga. Alifurahi kumwona.

"Mzee Kuntai! Shingo iko aje? Unafanya mazoezi?"

Wazee wote wakageuka. Kuntai akamtazama yule mwanamke aliyemshika shingo kwa mikono yake miwili wiki iliyopita.

"Mama, umenifananisha," akasema.

Amolo alisimama kidogo, akamwangalia ule mkono wa kulia uliofichwa ndani ya shuka, akaelewa. "Pole mzee. Nilidhani ni mwingine," akasema, akaenda. Lesiamon akafanya mzaha juu ya wazee wanaojulikana na wanawake wa mjini, na Kuntai akacheka nao. Aliona afadhali wamfikirie mambo hayo. Lakini kliniki hakurudi tena, maana angemtazama vipi?

Sasa nifike kwenye vichwa vya watoto, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mtoto wa Kimaasai hamsalimii mtu mzima kwa kumpa mkono. Anakuja mbele yake, anainamisha kichwa, ananyamaza, anangoja. Mtu mzima anamwekea kiganja juu ya kichwa, anamsalimu, ndipo mtoto anainua uso na kwenda kucheza. Ukikaa nao utaona ni jambo la dakika mbili kwa watoto kumi. Hata wanangu, watu wa kwetu magharibi, walilijifunza hapo Kitengela na wakawa wanamwinamia kila mtu, pamoja na kondakta.

Kuntai alikuwa na kaka mmoja wa mama mmoja, Parsaoti, aliyemzidi umri. Pasaka ya mwaka wa elfu mbili na moja walikutana kwa Parsaoti, ukoo mzima. Bega lilikuwa baya siku hiyo. Kliniki alikuwa ameitoroka na mazoezi ameyaacha. Watoto wakamjia kwa mstari, wakainama. Mkono wa kulia haukuinuka. Hata angeuinua, kugusa nywele za mtoto kwa vile vidole ilikuwa kama kushika jiko. Wa kushoto haukufaa kubariki mtoto, na tena kila mtu angeuliza wa kulia una nini. Basi akawasalimu kwa mdomo tu, akabaki amekaa na mikono ndani ya shuka. Watoto wakubwa waliinuka, wakaondoka wamechanganyikiwa. Kitinda mimba wa Parsaoti, msichana mdogo, hakujua kama salamu imekwisha. Alibaki ameinama, kichwa mbele ya magoti ya baba yake mdogo, anangoja. Akangoja hadi mama yake akaja akamshika mkono akamwondoa, na pale kwenye viti watu wote waliona.

Mkono usipowekwa, maana yake ni moja. Mtu huyo ana kinyongo na baba wa huyo mtoto.

Na kinyongo cha nini? Watu hawakuhangaika kutafuta. Mwaka uliotangulia Parsaoti alikuwa ameuza kipande cha shamba upande wa Noonkopir, pale boma la mama yao lilipokuwa zamani. Sasa kuna ploti na mawe ya mipaka. Ukweli ni kwamba Parsaoti alimwita Kuntai kabla ya kuuza, wakakubaliana vizuri, na Kuntai alipewa fungu lake. Lakini ukoo ukaamua: Kuntai amekubali kwa mdomo, moyo umekataa. Maneno yakazunguka, yakamfikia Lorna kisimani, Lorna akayaleta nyumbani.

"Waambie ni bega," akamwambia. "Leo hii. Nenda umwambie kaka yako."

Kuntai akasema neno ambalo Lorna aliponirudia kesho yake mlangoni alilitamka kwa kunong'ona, kwa aibu aliyoiona kwa niaba ya mume wake.

"Waache wafikirie hivyo."

Ndiyo. Mtu mwenye kinyongo cha ardhi ya mama yake ni mtu wa kuogopwa. Wanamwita kwenye vikao, wanapima maneno mbele yake. Mtu asiyeweza kuinua mkono ni nani? Kuntai alichagua. Na kama ingeishia kunyamaza tu, labda ningemwelewa. Lakini alianza kuusaidia uongo. Akiulizwa habari za Parsaoti, aliguna. Ikitajwa ile ploti, alitema mate kando. Arusi na maombi ya kwa kaka yake hakwenda, maana huko kulikuwa na vichwa vya watoto. Taratibu akawa kweli ni adui wa ndugu yake, bila sababu hata moja.

Parsaoti alivumilia zaidi ya mwaka. Alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, mwenye kucheka kwa sauti ndogo. Asubuhi moja mbwa wakabweka, Kuntai akarusha kola chini ya kitanda, na alipotoka nje akamwona kaka yake anakuja peke yake, kwa miguu, anaswaga mtamba mwekundu. Mtu mzima wa umri ule, mkubwa, amemswaga ng'ombe mwenyewe kutoka bomani kwake kumpelekea mdogo wake. Lorna alikuwa nyuma ya mlango na aliona yote.

"Ndugu yangu," Parsaoti akasema, "nilidhani tulielewana juu ya ile ardhi. Kama hatukuelewana, kosa ni langu, mimi ndiye mkubwa. Nimeleta huyu. Nataka yaishe."

Kisha akafanya jambo ambalo halifanywi. Akainamisha kichwa mbele ya mdogo wake na kungoja.

Hapo palikuwa na nafasi. Neno moja tu lingetosha. Lorna alisema alijiuma mkono asipige kelele, maana aliapishwa. Kuntai akaangalia kile kichwa chenye mvi kikiwa kimeinama. Mkono ulikuwa unawaka tangu alfajiri. Akasema, "Yameisha," akiwa amefunga mikono ndani ya shuka, akamchukua yule mtamba.

Parsaoti akainua uso taratibu. Akageuka akarudi alikotoka.

Baada ya hapo Kuntai alikuwa amejifunga mwenyewe. Amepokea mtamba wa upatanisho mbele ya Mungu na mbwa, na bado watoto wa Parsaoti wakiinama, hakuna mkono. Zamani walimwogopa kidogo na kumheshimu. Sasa walisema huyu ni mtu wa ajabu, anakula ng'ombe wa amani na kubaki na sumu yake. Lesiamon akaacha kuketi naye mnadani. Yule mtamba alikuwa akilala nje ya dirisha la Kuntai, na kila alipomsikia akicheua alijifunika kichwa. Aliniambia: "Nilikuwa nikiona aibu ya shingo, mama. Sasa nikawa na aibu ya kweli, na hiyo ya kwanza bado ilinishinda kutoa."

Mwaka wa elfu mbili na tatu, Naisenya, binti mkubwa wa Parsaoti, mwalimu wa nasari kule Isinya, akachumbiwa na kijana wa Namanga. Kila kitu kikawa tayari, ila kimoja. Asubuhi ya kuondoka bibi arusi hubarikiwa langoni na baba zake, na ndugu wa baba ni baba. Wazee wa Namanga walikuwa wamesikia maneno ya Kitengela. Wakasema hawamchukui binti ambaye baba mmoja amemnyima mkono. Nyumba gani itasimama juu ya hapo? Siku ikasogezwa. Ikasogezwa tena.

Naisenya akaja mwenyewe. Hakuja na mama yake wala shangazi. Alimkuta Kuntai ameketi nje akamwinamia, akabaki hivyo.

"Papa," akasema akiwa bado ameinama, "mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwanangu."

"Basi utakuja?"

Kuntai alimlea huyu mtoto. Alimbeba mabegani kwenye mnada alipokuwa mdogo, wakati mabega yalikuwa mabega. "Nitakuja," akasema. "Waambie wa Namanga nitakuja, na nitakuwekea mkono." Naisenya akainua uso, analia na kucheka pamoja. Siku ikapangwa, Jumamosi ya Desemba, na haikuwa ya kusogezwa tena.

Kesho yake, giza likiwa bado halijatoka vizuri, nilisikia mlango wa Amolo ukigongwa. Nikachungulia. Kuntai alikuwa amesimama pale na kofia mkononi, mkono wa kushoto.

"Daktari, siku ile mnadani nilikukana."

"Nilijua ni wewe, mzee. Karibu chai."

"Sitaki chai. Nataka huu mkono upande juu siku moja tu. Siku moja, halafu ufe."

Amolo alimkalisha, akamshika shingo, akamwinua kiwiko. Akasema kwamba mkono ulioachwa muda huo wote haurudi kwa wiki chache, lakini wanaweza kujaribu, polepole. Akauliza kwa nini bibi arusi asipige magoti tu, maana kifuani mkono unafika.

"Na nikiulizwa kwa nini apige magoti?"

"Si utasema unaumwa?"

Kuntai akainuka akachukua kofia. Mazoezi alikubali kuyafanya, hilo la kusema hapana.

Na aliyafanya. Hapo ndipo nilipotamani kumchapa. Amolo alisema mara kumi, akafanya mia. Amolo alisema atembeze vidole ukutani, yeye akachukua mtungi wa maji wa Lorna akauinua nyuma ya zizi, jasho likimtoka, amefunga mdomo, hapepesi jicho. Aliufanyia ule mkono alichokuwa amefanya ujanani mbele ya kisu: alinyamaza akangoja maumivu yachoke. Lakini neva haijui ushujaa. Wiki ya arusi ilipofika, mkono haukufika hata kifuani. Ulifika kwenye mkanda.

Nilialikwa. Lorna alinipa shanga nivae na akanisimamisha upande wa wanawake, karibu na lango. Asubuhi ilikuwa na upepo na jua jeupe. Naisenya akatoka nyumbani kwa mama yake, kichwa kimenyolewa, amepakwa mafuta na udongo mwekundu, shingo imejaa shanga, anatembea polepole akiangalia chini. Wanawake wanaimba. Wazee wa Namanga wamesimama nje ya lango na fimbo zao, wanaangalia. Hawakuja kula, walikuja kuona mkono mmoja.

Parsaoti akawa wa kwanza. Akamnyunyizia bintiye maziwa kwa shada la majani mabichi, akamwekea kiganja kichwani, akambariki. Naisenya akasogea hatua kwa Kuntai, akainama.

Kuntai alikuwa amesimama wima kuliko watu wote. Shuka imemfunika pamoja na mikono yote miwili. Nikaona kitambaa kikitikisika upande wa kulia. Hakuna kilichotoka. Naisenya akangoja. Wimbo ukawa unalegea, mwanamke mmoja mmoja. Nikamwona Parsaoti akifumba macho.

Ndipo Kuntai akapenyeza mkono wa kushoto, akashika ule wa kulia kwenye kifundo, akauvuta nje ya shuka kama mtu anayetoa kuni, akaanza kuupandisha. Ukapita mkanda. Ukapita tumbo. Alikuwa amekodoa macho, hapepesi. Ukafika karibu na kifua, na hapo kikamtoka kilio.

Sijui nikieleze vipi. Hakikuwa cha kiume wala cha kike. Kilikuwa kirefu, na kilisikika hadi barabarani. Wimbo ukakatika. Mkono ukamponyoka ukaanguka ukaning'inia, shuka nayo ikateleza ikaanguka chini, na mbele yetu wote akasimama mzee mwenye bega moja lililonyauka, amejikunja, analia.

"Ni mkono," akasema. "Mwanangu, ni mkono. Unaniuma. Haunyanyuki. Miaka yote hii haunyanyuki."

Hakuna aliyesogea. Ila Naisenya. Hakuinua uso. Alishuka, magoti yakagusa vumbi na shanga zote zile zikalia, akasogea kwa magoti hadi kichwa chake kikawa usawa wa mkanda wa mzee, akauchukua ule mkono kwa vidole vyake na kujiwekea mwenyewe kichwani. Kuntai alitetemeka ulipogusa, lakini hakuuondoa. Akambariki, akamwombea watoto na mvua, maneno yakikatikakatika. Wazee wa Namanga wakaitikia kila neno. Kisha Naisenya akasimama, akatoka lango, akaenda zake na watu wake bila kugeuka nyuma, kama inavyotakiwa.

Msafara ukamfuata. Sisi tuliobaki tukajifanya tuna kazi. Kuntai alikuwa bado amesimama pale pale, shuka chini miguuni. Hakuweza kuiokota na kujirudishia begani, na Lorna, aliyefanya hivyo kila siku ya Mungu, alikuwa ameketi chini ameficha uso.

Parsaoti akamwendea. Nilikuwa karibu nikasikia, ila walizungumza kwa Maa, lugha yao, na Lorna alinifasiria baadaye, neno kwa neno.

"Nilipokuletea mtamba, ulikuwa unaumwa?"

"Ndiyo."

"Na ile ardhi?"

"Hakuna kitu. Hakukuwa na kitu."

"Nilikuinamia kichwa, Kuntai. Ukaniangalia."

Machozi yalikuwa yanamshuka Kuntai na hakuyafuta. "Nilikuangalia," akasema. "Nisamehe."

Uso mpole wa Parsaoti ukawa mgumu kuliko nilivyowahi kuuona. Kisha akainama, akaokota shuka, akaikung'uta vumbi. Akamzungushia mgongoni, akazileta pembe mbili juu ya bega bovu, akaanza kuzifunga fundo mbele ya watu wote, kama Lorna alivyozoea kufanya ndani ya nyumba.

"Nikikaza hapa inauma?" akauliza.

"Inauma."

"Basi nitalegeza," akasema Parsaoti. Akalegeza fundo, akaenda kwa wageni.